Barua ya Karani: Nani Amfundishe Mtoto Wako Mchezo?



Mwezi wa Septemba, mwaka wa 2025, mwenzetu Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo, nchi ya Japani. Habari ilipofika kwetu, watu waliokuwa mnadani waliacha bei za ng'ombe wakaanza maneno ya miguu. Mmoja alisema ni damu ya ukoo. Mwingine alisema ni ugali wa mtama. Wa tatu, mzee mwenye fimbo, akasema mtu aliyezaliwa na mbio hata simba hamkamati. Nalikaa hapo yapata saa nzima nikimngoja fundi wa baiskeli, wala sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza, "Je, mwalimu wake ni nani?"

Ndivyo tulivyo. Mtoto akifaulu mtihani wa darasa la saba, twamtafuta mwalimu wake wa hesabu tumpelekee kuku. Mtoto akishinda mbio, twamsifu babu yake aliyekufa zamani.

Lakini lugha yetu yajua zaidi kuliko sisi. Siku hizi twasema kocha, kama wenzetu wa Kenya, ila jina la zamani halijafa. Wazee wangali wakisema mwalimu wa Simba, mwalimu wa Yanga. Nami naona ni jina la haki, maana kazi ni ile ile ya darasani, na makosa yake ni yale yale.

Naandika haya kwa sababu. Kamati ya vijana ya parokia yetu ilikuwa ikitafuta mtu wa kuwafundisha watoto mpira kila Jumamosi. Yakaletwa majina mawili. La kwanza ni la bwana mmoja aliyecheza mpira wa ligi miaka saba, mtu anayejulikana mpaka Gongo la Mboto. La pili ni la mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, ambaye hajapata kupiga mpira mbele ya watu. Ubishi ulikuwa mkali. Mimi ni karani, kazi yangu ni kuandika mihutasari na kunyamaza. Siku ile sikunyamaza, maana kazi hiyo nalipewa mimi zamani, nikaiharibu.

Nilikuwa na miaka 24, nimetoka chuo cha ualimu, cheti changu bado chanukia wino. Padre wetu wa wakati ule akaniambia, "Wewe ni mwalimu, chukua vijana." Nikanunua filimbi. Wala sikujiuliza jambo lolote zaidi ya filimbi ile. Kila Jumamosi niliwapandisha watoto kile kilima kinachoelekea msituni, mara kumi, wengi wao peku, kabla hawajagusa mpira. Nilidhani jasho ndilo somo. Aliyetoka jasho jingi, nilimhesabu kuwa amejifunza mengi.

Kulikuwa na mtoto wa miaka 14 aliyewapita wote kwa mbio. Mwezi wa pili akaniambia goti lamuuma. Nikamjibu, mbele ya wenzake, kwamba mwanamume halii goti. Akaona haya, akaendelea kupanda. Mwezi wa tatu hakuweza kupanda hata ngazi za kanisa. Chini ya goti pamevimba kama limao.

Mama yake alimpeleka kwa daktari. Nimekwisha kusoma habari za ugonjwa ule, nami nawaeleza wazazi maana haujulikani sana kwetu. Huwapata watoto wanaorefuka upesi, hasa kati ya miaka 10 na 15, nao wakawa wanakimbia na kuruka sana. Kano litokalo kwenye kifuniko cha goti limeshikana na mfupa wa muundi. Mfupa wa mtoto haujakomaa pale mahali, na kano likivutwa kila siku bila kupumzika, mahali pale panauma na kuvimba. Dawa yake kubwa ni kupunguza mbio na kungoja mwili umalize kukua. Mtoto akisema mapema, akasikilizwa, mara nyingi hupona bila taabu. Wangu alisema mapema. Hakusikilizwa.

Mama yule akaja ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikukabidhi mtoto anayekimbia. Nimekuja unieleze, ulikuwa unamfundisha nini?"

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha! Nikafungua kinywa, nikakuta sina neno. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimewafundisha nini watoto wale? Kupanda kilima wanakujua tangu walipoacha kubebwa mgongoni.

Jamani, hapo nikakumbuka chuoni. Walimu wenzangu watanielewa nikitaja andalio la somo. Ni ile karatasi tunayoandika kabla ya kuingia darasani: muda, kazi za mwalimu, kazi za mwanafunzi, upimaji. Na mwisho kabisa kuna mahali pameandikwa Maoni. Hapo mwalimu sharti aandike baada ya kipindi: somo limekwendaje, nani hakuelewa, kesho abadili nini. Nanyi mnajua tunavyoandika hapo. Twaandika, "Somo limeeleweka." Wengine huandika maneno hayo usiku wa kuamkia siku ya somo, ili kazi iishe mapema. Nimewahi kuona daftari la mwaka mzima lenye maneno hayo mawili tu kila ukurasa, na nusu ya darasa wakiwa hawajui kugawanya.

Mtu wa namna hiyo aweza kufundisha miaka thelathini asiive. Basi kilichonishika baada ya aibu ile ni swali hili: wale walimu wa michezo walioiva kweli, waliivishwa na nini? Nikaanza kusoma habari zao kila nilipozipata. Wa kwanza niliyemkuta alinishangaza, maana ni mtu wa misioni kama sisi, tena alianza akiwa hajui kitu.

Kule Kenya, ukingoni mwa Bonde la Ufa, upo mji mdogo uitwao Iten. Umeinuka kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari. Sisi wa vilima vya Pugu tukifika huko tutahema kwa kutembea tu. Hapo ipo shule ya sekondari ya wavulana, St. Patrick's, iliyokuwa mikononi mwa Mabruda wa Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland. Mwaka wa 1976 alifika Bruda kijana, jina lake Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa mkimbiaji. Hakuwa na cheti cha riadha. Kazi hiyo shuleni ilikuwa ya Mwingereza aitwaye Peter Foster, ambaye ndugu yake Brendan alipata medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka ule ule. Bruda akawa msaidizi wake. Foster alipoondoka, mzigo wote ukawa wa Bruda.

Fikirini. Mtu hajui kazi, naye amekabidhiwa watoto wenye mbio za kutisha. Angeweza kufanya kama nilivyofanya mimi, yaani kununua filimbi. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba kwa kuwa hakujua, ilimlazimu kuwatazama wanafunzi wake na kuwasikiliza. Alitazama mguu unavyokanyaga na mabega yanavyokaa mtu akiisha kuchoka. Akajaribu zoezi, likifaa, akalishika, lisipofaa, akaliacha. Watu waliokwenda Iten kutafuta siri yake wamekuta wakimbiaji wakubwa wakikimbia polepole, mwendo wa mtu aendaye kisimani, huku Bruda akitazama jinsi wanavyojibeba.

Matunda hayakuja upesi. Ilipita miaka 12 tangu afike ndipo Peter Rono, aliyekuwa mwanafunzi wake, akashinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, akiwa na miaka 21 tu. Mwaka wa 1992 huko Barcelona, Matthew Birir, naye wa shule ile, akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, aliyepita hapo hapo, mwaka wa 1997 aliifikisha rekodi ya dunia ya mita 800 kwenye dakika 1 na sekunde 41.11, akiikimbilia Denmark. Shuleni wana desturi ya kupanda miti kwa ajili ya mabingwa wao.

Mwaka wa 1989 Bruda alianzisha kambi za vijana wakati wa likizo, akapokea na wasichana. Janeth Jepkosgei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka mwaka wa 2007, ametoka mikononi mwake. Wazazi wenye mabinti, someni tena mstari huo.

Lakini anayeonyesha vizuri zaidi kazi ya mwalimu ni David Rudisha, Mmasai wa Kilgoris. Hapa wenye neno la damu watafurahi, maana baba yake, Daniel, alipata medali ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti huko Mexico mwaka wa 1968, mita 400 kila mtu. Na mtoto alipofika kwa Bruda alikuwa akikimbia mita 400, kama baba. Bruda akamtazama, akamshauri ajaribu mita 800. Mwaka wa 2006 kijana akawa bingwa wa dunia wa vijana. Basi, sisi tungesema kazi imekwisha, tumlete mkutanoni apigiwe makofi. Mwaka wa 2008 akaumia, akakosa Olimpiki. Mwaka wa 2009 katika mashindano ya dunia ya Berlin alitolewa nusu fainali.

Hapo ndipo mwalimu apimwapo. Kuna mwalimu ambaye baada ya siku kama ile humlaumu mtoto, na mwingine hulaumu mvua. Hawa wawili walirudi Iten wakaendelea na kazi. Mwaka uliofuata Rudisha alivunja rekodi ya dunia mara mbili katika juma moja, tarehe 22 na 29 Agosti 2010. Na tarehe 9 Agosti 2012, katika fainali ya Olimpiki ya London, aliongoza tangu mwanzo hata mwisho, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia. Mwaka wa 2016 akashinda tena huko Rio. Kutoka ubingwa wa vijana mpaka London ni miaka sita. Ni miaka sita ya kutomharakisha mtu ambaye kila aliyemwona alitaka kumharakisha.

Najua mtu ataniambia, "Karani, hiyo ni hewa ya milimani." Sikatai. Hewa ya juu ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kuongeza damu nyekundu. Lakini mlima wa Iten ulikuwapo kabla ya mwaka 1976. Tena sisi nasi tunayo milima. Filbert Bayi wetu, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka wa 1980 huko Moscow yeye na Suleiman Nyambui walituletea medali mbili za fedha. Tangu hapo, mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hatukupata nyingine. Milima ya Karatu na Mbulu haikuhama.

Uganda nao walipata kuona jambo kama hili la Rudisha. Mwaka wa 1968 alifika huko mwalimu kutoka Uingereza, Malcolm Arnold. Akamkuta askari wa polisi, John Akii-Bua, hodari wa kuruka viunzi vya mita 110. Arnold akaona kwamba kijana huyu angefaa zaidi kwa mita 400, mbio za taabu kubwa. Huko München, mwaka wa 1972, Akii-Bua alikimbia kwenye njia ya kwanza ya ndani, ile yenye kona kali ambayo hakuna aitakaye, akashinda kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na wa kwanza kuipa Uganda dhahabu ya Olimpiki. Arnold naye aliivishwa na miaka ile ya Uganda. Baadaye, kwao, akamlea Colin Jackson aliyevunja rekodi ya dunia ya viunzi vya mita 110 mwaka wa 1993.

Mwalimu wa mwisho nitakayemtaja ni Mmarekani, naye namtaja kwa sababu watu walihesabu maneno yake. Anaitwa John Wooden, wa mpira wa kikapu, aliyefariki mwaka wa 2010 akiwa na miaka 99. Alianza mwaka wa 1932 katika shule moja ya Kentucky, akifundisha na Kiingereza. Mwaka wake wa kwanza alishinda mechi 6, akashindwa 11. Mwaka wa 1948 akaenda chuo kikuu cha UCLA, na ubingwa wa kwanza wa nchi aliupata mwaka wa 1964. Hesabuni wenyewe: miaka 32 tangu aanze. Baada ya hapo haukumwacha. Alipata mara 10 katika miaka 12.

Katika msimu wake wa mwisho, 1974 mpaka 1975, wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa kando ya uwanja siku 15 za mazoezi wakiandika kila tendo lake la kufundisha. Waliandika matendo 2,326. Mimi ningetazamia hotuba za kupandisha moyo, kama zile tunazopewa na wagombea. Haikuwa hivyo. Sifa hazikufika 7 katika kila 100, na makaripio vivyo hivyo. Robo tatu ya maneno yake yalikuwa maelekezo tu: weka mguu hapa, geuka mapema, shika hivi. Mchezaji akikosa, Wooden alimwonyesha namna iliyo sawa, kisha akamwigiza jinsi alivyokosea, kisha namna iliyo sawa tena, yote kwa sekunde chache tu, na mchezo ukaendelea.

Siku ya kwanza ya msimu aliwafundisha vijana warefu kama minazi jinsi ya kuvaa soksi. Sababu yake ni malengelenge. Soksi yenye mkunjo huchubua, na mguu wenye lengelenge haufanyi mazoezi. Nalipolisoma hilo nilikumbuka watoto wangu wa peku, nikalifunga lile gazeti kwanza.

Asubuhi aliketi saa mbili na wasaidizi wake kupanga mazoezi ambayo jioni hayangezidi saa hizo. Baada ya mazoezi aliandika kilichofaa na kisichofaa, akaweka karatasi zile mwaka hata mwaka. Na msimu ukiisha alichagua jambo moja tu asilolijua sawasawa, akalisoma na kuwauliza walimu wenzake mpaka msimu mwingine. Wasomaji walio walimu, hilo ndilo lile neno Maoni, ila limeandikwa na mtu asiyejidanganya.

Wachunguzi wawili wa Kanada, Wade Gilbert na Pierre Trudel, mwaka wa 2001 waliandika habari za walimu sita wa michezo ya vijana, watu wa kawaida wenye kazi zao. Waliona wote wanajifunza kwa mzunguko mmoja. Mwalimu huona tatizo, hulitafutia njia kwa kufikiri au kwa kumuuliza mwenzake, huijaribu uwanjani, kisha hutazama kama imefaa. Isipofaa, huanza tena. Asiyeliona tatizo hauanzi hata mzunguko wa kwanza, na mtu wa "Somo limeeleweka" hana tatizo hata moja.

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kamati, kwa kifupi, na mwenyekiti akinitazama saa. Wa upande wa mchezaji wakauliza, "Je, asiyecheza atafundishaje?" Ni swali la haki. Aliyecheza anajua mwilini mwake mambo ambayo vitabu havina. Lakini mwulizeni mama apikaye wali mzuri wa nazi, maji yawe kiasi gani. Atakwambia, "Mpaka uone yametosha." Mkono wake wajua, kinywa hakina neno la kumpa msichana anayejifunza. Mchezaji akitaka kuwa mwalimu sharti atafute hayo maneno, na kuyatafuta ni kazi mpya ambayo mabao yake ya zamani hayamsaidii. Wa upande wa pili wakataja vyeti, kwamba siku hizi shirikisho la mpira la Afrika latoa vyeti kwa ngazi, kuanzia D mpaka A na zaidi, basi tutafute mwenye cheti. Navyo vyafaa, mwenye kozi angalau amesikia habari za magoti. Lakini mimi nilikuwa na cheti mfukoni siku ile niliyomwambia mtoto halii goti.

Mwishoni ikakubaliwa kila mmoja afundishe nusu saa, nasi tutazame. Bwana wa ligi alianza. Lo! Mpira ulimganda mguuni kama mtoto mchanga kwa mama. Watoto 22 walisimama mstari mmoja wakishangaa, na kila mtoto aligusa mpira mara mbili, labda tatu. Yule mwalimu mama aliwagawa wanne wanne. Mipira ya kweli ilikuwa miwili, iliyobaki ya matambara na kamba. Kila mtoto akacheza bila kusimama, naye akiwaita kwa majina aliyoyauliza alipofika. Lakini mtoto mmoja kila alipopiga mpira ulikwenda juu mawinguni, na mwalimu hakujua amwambie nini. Bwana wa ligi akashindwa kuvumilia, akapaza sauti toka kando, "Egemea mbele, mguu usiopiga uweke karibu na mpira!" Mtoto akafanya. Mpira ukaenda chini chini, moja kwa moja.

Kamati ikawachukua wote wawili. Msidhani wanapatana, Jumamosi ya pili walikwisha gombania nani apige filimbi.

Nikawapa kila mmoja daftari la kurasa 48, nikawaomba baada ya kila zoezi waandike mistari mitatu: tumefanya nini, nani ameumwa au amebaki nyuma, nimekosea wapi. Mama akaanza siku ile ile. Bwana wa ligi akacheka, akasema yeye ni mtu wa mpira, si karani. Nikamwambia hata mimi sikuzaliwa karani.

Nanyi wazazi, msituachie sisi peke yetu. Jumamosi moja acheni shamba kwa saa moja mkasimame kando ya kiwanja. Tazameni kama mtoto anagusa mpira au anasimama kwenye mstari. Sikilizeni mtoto akikosa anaambiwa la kufanya, au anapigiwa kelele tu. Mtoto akisema anaumwa, tazameni uso wa mwalimu. Na mwalimu atakaye kubaki na mtoto peke yake mahali pasipoonekana, hata awe bingwa wa nchi saba, mkataeni siku hiyo hiyo.

Mtanisamehe nikirudi kwa mtoto wangu wa goti. Alipona, maana mfupa ulikomaa. Lakini karibu mwaka mzima alikaa nje, na wenzake wakampita, na hamu ikamtoka. Leo ana miaka 25, anaendesha bodaboda. Tukikutana njiani hupunguza mwendo na kuniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Bado ananiita hivyo. Sijapata kumwambia anipunguzie jina hilo.

Jumamosi iliyopita mama yake alikuja kiwanjani na kitinda mimba wake, mtoto wa miaka tisa, amemshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu naye ataka mpira. Nani anafundisha?"

Nikamwonyesha wale wawili. Akawatazama kitambo, asiseme kitu. Nikaenda kwenye mfuko wa vifaa nikatoa madaftari, nikampa. Daftari la mwalimu mama lilikuwa limejaa. La bwana wa ligi lilikuwa na ukurasa mmoja tu, wa juma lililotangulia, mwandiko mbaya wa mtu aliyeandikia juu ya goti: "Leo nimepiga kelele sana. Hamisi anachechemea, nimempumzisha. Wale wadogo hawakunielewa, kesho nijaribu maneno mengine."

Mama akasoma pale chini ya mwembe, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akanirudishia, akainama akamfunga mtoto kamba za viatu vizuri, halafu akamwachia mkono.